Kitundu cha Kioo

Zamu ya usiku, kiwanda cha sabuni, Nakuru.
Boila letu lina kitundu cha kioo
upana wa kifuniko cha soda,
na kwa saa nane
jicho langu ndilo linaloishi humo.

Makaa ya mawe yanashuka yamesagwa,
laini kama unga wa wimbi.
Chembe moja huwezi kuiona.
Fundi Lelgo alinifundisha kuidhania:
Chukua moja tu, alisema, uifuate.

Basi naifuata.
Inaingia nyeusi, ingali na baridi ya uani.
Joto linaibana mbavu. Inavimba, inatoka jasho,
jasho zito la lami
ambalo jiwe lilikuwa limelificha
tangu lilipokuwa jani.
Jasho linageuka mvuke, linaizunguka chembe kama shuka,
na ndani ya shuka hewa haipiti.
Hapo ndipo masizi yanapozaliwa:
katikati ya moto, kwa kukosa pumzi.

Wahenga walisema palipo na moshi pana moto.
Siwabishii, ila hawakushika zamu ya boila.
Moshi mzito ni moto uliokabwa koo.

Punje za masizi ni changa, ndogo kupita vumbi la bawa la nondo.
Zinashikana mikono, mnyororo kwa mnyororo,
na kwa kuwa zimeiva kwa joto, zinang'aa.
Njano hiyo unayoiona, Nasipwondi,
njano ya mshumaa,
njano ya koroboi ya nyanya yako,
ni masizi yenyewe.
Nilicheka. Nilidhani anamtania mgeni wa kazi.
Miaka yote niliamini nuru ni kitu kimoja
na weusi wa darini ni kingine.

Kisha shuka linapasuka.
Feni inasukuma, oksijeni inafika,
inauma pindo, inaingia,
masizi yanaliwa punje kwa punje
mpaka hakuna njano, hakuna moshi,
joto tu, lisilo na rangi,
na sabuni inachemka pipani.
Hiyo ni ikiwa hewa imetosha.
Ikiwa joto halijashuka. Ikiwa muda upo.
Punje ikigusa bomba baridi kabla haijaliwa
inaganda ilivyo,
na dohani inaitema kwa jirani.

Jirani ni Kivumbini.
Jumanne alikuja langoni mama mmoja, Nyaguthii,
anayefua nguo za watu kwa ujira,
na foronya mkononi, nyeupe,
yenye madoa kama karatasi iliyodonolewa kwa kalamu na mtoto.
Hakufoka. Aliuliza bei ya mche mmoja wa sabuni yetu.
Mlinzi akamtajia.
Akasema: Basi mnanipaka, halafu mnaniuzia.
Akaiacha foronya juu ya daftari la wageni, akaenda zake.
Meneja alipoambiwa alisema makaa haya ndiyo ya bei nafuu.

Ndiyo sababu usiku huu nina foronya mfukoni
na mkono kwenye gurudumu la hewa.
Nafungua robo.
Moto unapauka, sindano ya joto inaanza kushuka,
hewa nyingi nayo ni maji kwa moto.
Nafunga kidogo. Njano inarudi, nene, tamu kutazama,
naichukia kwa uzuri wake.
Nafungua nusu ya robo.
Lelgo anakoroma juu ya magunia, viatu bado miguuni.
Nikipenga kamasi, kitambaa kinaniambia
nilichovuta tangu jioni.

Saa kumi. Upepo unashuka kutoka Menengai.
Natoka nje, nainua uso,
sioni kitu juu ya dohani,
na sijui kama moshi umekwisha
au ni giza tu.

Nitangoja kuche.
Nitaitundika foronya kwenye waya wa ua, upande wa Kivumbini,
niitazame hadi saa nne.
Kwanza niifue.